Gauni la Ghorofa ya Nne

Tangu mumewe azikwe, Fundi alikuwa anakula wima. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo hakuna aliyemkataza. Alisimama mbele ya jiko, kijiko mkononi, akachota wali moja kwa moja kwenye sufuria, akarudi kwenye cherehani yake mdomo bado unatafuna. Kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni sawa na kujibishia hodi: unagonga, unaitika, unajikaribisha, kisha kiti cha pili kinakutazama. Basi viti viwili vya mezani akavigeuza kabati. Kimoja kilibeba vitambaa vya wateja, kingine kilibeba nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe wamezisahau.

Si kwamba hakuona watu. Mchana kutwa waliingia chumba chake cha mbele, wakainua mikono, akawapima kifua, wakageuka, akawapima nyonga, wakaondoka. Aliwagusa watu kumi kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyemgusa yeye.

Kisha tundu la sindano likaanza kumkimbia. Alilamba uzi, akaulenga, ukapita pembeni. Akaulamba tena. Mpaka uzi ukaloa kama mkia wa panya aliyeangukia ndoo. Akaenda kliniki akidhani atapewa miwani. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akavuta kiti karibu. Muuguzi akivuta kiti karibu, ujue habari si nzuri.

"Si macho, mama. Ni sukari. Na uzito. Punguza wanga: wali, mkate, viazi, tambi, uji. Kula mayai, samaki, mboga za majani mpaka uchoke."

"Nimeshachoka," alisema Fundi, "na bado sijaanza."

Wanga wanaoruka na ungo usiku angalau alikuwa amesikia dawa yao. Hawa wa kwenye sahani wanaingia mchana, tena unawakaribisha mwenyewe.

Muuguzi yule alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa ukutani. Kila mgonjwa wa kupunguza uzito alipewa mwenza wa sahani. Wawili hao wale chakula cha mchana pamoja, na kila mmoja aangalie sahani ya mwenzake, si yake. "Yako utaidanganya," alisema. "Ya mwenzio huwezi." Akawaambia waliokaa kwenye benchi wachaguane. Wakachaguana haraka, kama watoto wanaopanga timu ya mpira, mpaka benchi likabaki na watu wawili: Fundi upande mmoja, na upande wa pili mwanamke mpana aliyekalia nafasi ya watu wawili na kuomba radhi kwa nafasi ya mmoja tu.

"Kumbe ndiye wewe uliyebaki?" aliuliza mwanamke yule.

"Na wewe je?"

"Mimi sijabaki, mwenzangu. Nimehifadhiwa."

Huyo ndiye Mpishi. Alipika miaka thelathini na moja katika shule ya bweni, watoto mia nne, mpaka akastaafu na mwiko wake. Sauti yake ilikuwa bado ya kuvuka ukumbi wa chakula. Na hakujua kupika kidogo. Siku ya kwanza alifika kwa Fundi amebeba kabichi ya kukaanga ya kutosha bweni zima, akasimama katikati ya chumba akitafuta pa kukaa.

Fundi akaviondoa vitambaa kwenye viti. Ilimchukua muda. Miaka minne ya vitambaa si kidogo.

Wakala. Walikula kabichi ile siku tatu.

Sheria zao walizitunga wenyewe. Asubuhi kupigiana simu na kukiri.

"Umekula nini?" Mpishi aliuliza.

"Mayai mawili."

"Na?"

"Na nini tena?"

"Nasikia unatafuna."

"Parachichi."

"Dada, parachichi halina sauti. Tema huo mkate."

Fundi akatema, kweli, akiwa peke yake jikoni kwake, akacheka hadi akashika ukingo wa sinki. Sheria ya pili ilikuwa ya vifungo. Aliyeshikwa na hamu ya mkate alipewa mkebe wa vifungo avipange: vya matundu mawili huku, vya matundu manne kule, vyeusi mbali, vyeupe mbali. Hamu ikiisha unavirudisha vyote mkebeni na kutikisa, kwa ajili ya hamu ya kesho. Mpishi alivipanga akinung'unika kwamba alipokuwa kazini aliwahi kuamuru magunia, na leo anaamriwa na vifungo.

Lakini mizani Mpishi hakuitaka. Kliniki alipanda amefumba macho, akamwambia muuguzi, "Iandike, usiisome." Alisema amewapimia watu chakula kwa jicho maisha yake yote, hatahukumiwa na chuma. Kipimo chake kilikuwa gauni. Alilileta kwenye mfuko wa plastiki: gauni la satini ya buluu, alilovaa siku alipoagwa kazini. Lina zipu mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni.

"Nani alikushonea?" Fundi aliuliza, akilipindua ndani nje.

"Fundi mmoja wa karibu na shule."

"Alikuwa na ugomvi na wewe?"

"Acha maneno, nipimie."

Siku ile zipu iliinuka kidogo tu, ikagoma. Mpishi akajitazama kwenye kioo, akasema kwa ile sauti ya ukumbi, safari hii akiibana: "Binti yangu anakaa ghorofa ya nne. Lifti hakuna. Mwaka juzi nilipanda mpaka ya pili, magoti yakanikatalia, nikakaa kwenye ngazi kama gunia la viazi. Wajukuu walishuka kunisalimia palepale. Mmoja akaniletea maji, mmoja kanionyesha jino lililotoka. Kisha nikarudi nyumbani. Chumba ameniwekea, kitanda kimetandikwa, sijawahi hata kukiona. Sasa sikiliza, Fundi. Hili gauni likae kwako. Kila Ijumaa nalijaribu. Zipu ikifika shingoni, nakata tiketi siku hiyohiyo, naenda kukaa na wanangu."

Fundi hakujibu. Alikuwa na pini mdomoni, na fundi mwenye pini mdomoni hajibu. Ni fadhila kubwa ya kazi hiyo.

Ijumaa zikaenda. Sukari ya Fundi ikashuka, tundu la sindano likatulia mahali pake. Sketi zake mwenyewe alizibana mara mbili. Mpishi alijifunza kupika samaki wawili badala ya ishirini, ingawa mara nyingi walikuwa watatu, "asije akatokea mgeni." Hakutokea mgeni. Saa saba kamili alibisha, akaingia kabla hajaitikiwa, akazitandika sahani mbili, akaketi, akainyooshea shingo sahani ya mwenzake kama mkaguzi. Alipokuwa akila aliweka mkono wake mzito juu ya mkono wa Fundi kila alipofika mahali pa kuchekesha, na yeye alifika mahali pa kuchekesha mara kwa mara. Fundi akaanza kuzima cherehani saa sita na nusu, ili asikose mlio wa viatu vile barazani.

Na zipu ikapanda. Ikavuka kiuno, ikapita katikati ya mgongo, mwezi wa tano ikafika kwenye mabega.

"Bado vidole vinne!" Mpishi alipiga kelele mbele ya kioo. "Vinne tu, mwenzangu! Ijumaa nne, nikijibana!"

"Hongera," alisema Fundi. Siku hiyo hakuwa na pini mdomoni, kwa hiyo ilimbidi aseme kitu.

Mpishi alipoondoka, Fundi aliosha sahani mbili. Akatazama viti viwili. Akahesabu Ijumaa nne kwa vidole vyake, akazirudia, zikabaki nne. Kisha akalichukua gauni la buluu, akalipindua, akafumua mshono wa ubavuni kwa wembe, akaubana upana wa ukucha. Na upande wa pili, upana wa ukucha. Akapiga pasi. Hakujiambia anafanya nini. Mkono ulifanya, yeye akautazama tu, kama mteja.

Ijumaa iliyofuata zipu haikusogea.

"Labda maji," alisema Fundi. "Miguu imevimba."

"Labda yale mayai ya jana," alisema Mpishi.

Ijumaa ya pili, ukucha mwingine. Ya tatu, mwingine. Ya nne. Mpishi alianza kuacha chakula cha jioni. Zipu ikakaa palepale. Akaacha mafuta. Zipu kimya. Akaacha kiini cha yai. Alikiweka pembeni ya sahani, kikamtazama Fundi kama jicho. Mahali pa kuchekesha pakapungua. Mkono ule mzito ukabaki upande wake wa meza. Na Fundi, ambaye kazi yake katika dunia hii ilikuwa kutazama sahani ya mwenzake, alitazama dirishani.

Ijumaa ya tano Mpishi alifika saa saba na robo. Hakubisha. Aliweka mezani mkate mzima, ule mrefu uliokatwa vipande, akafungua karatasi yake.

"Unafanya nini?" Fundi alishtuka.

"Nakula." Akala kipande kikavu, bila siagi, bila hamu, kama mtu anayetia saini. "Nimempigia binti yangu. Nimemwambia asiniwekee chumba tena, amlaze mtoto. Kuna miili iliyoumbwa kwa ajili ya chini, Fundi. Mimi ni wa chini."

Yaani anabaki. Hatakwenda popote. Hicho ndicho Fundi alichokuwa akikitaka kwa wembe na kwa pasi, na sasa kimewekwa mezani pake. Furaha ikampanda kifuani, ikakaa muda wa povu la sabuni.

"Basi tutaendelea hivihivi," alisema. "Kesho nitanunua samaki."

Mpishi akamtazama. "Samaki wa nini, mwenzangu? Nimeacha. Nije kufanya nini huku, kupanga vifungo?" Akainuka, akijisukuma kwa mikono miwili. "Wewe endelea. Wewe unaweza."

Akauacha mkate.

Jumatatu saa saba hakuna aliyebisha. Jumanne hivyo hivyo. Asubuhi simu ililala mezani kama kobe. Fundi aliipiga mara mbili. Mara ya kwanza haikupokelewa, ya pili Mpishi alisema ana usingizi, saa nne asubuhi. Alhamisi Fundi alimwaga vifungo, akavipanga, akavirudisha, akavimwaga tena. Kisha akauchukua ule mkate, uliokwisha kuwa mgumu, akaula mbele ya jiko. Wima. Alipomaliza hakukuwa na wa kumkiria, na dhambi isiyo na mtu wa kumkiria inashibisha vibaya sana.

Vitambaa vikarudi kwenye viti. Kidogo kidogo, kwanza kimoja.

Siku ya kliniki alikaa kwenye benchi peke yake. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akavuta kiti.

"Imepanda, mama. Nani anaangalia sahani yako?"

"Naiangalia mwenyewe."

"Ndiyo maana." Muuguzi akafunua kadi nyingine. "Na mwenzio yuko wapi? Ndiye niliyekuwa nikimpigia mfano. Mwezi uliopita alikuwa ameshusha kilo kumi na moja. Alinikataza kumsomea, lakini nilitamani kweli kumwambia."

Fundi akatazama zile namba. Ziliteremka moja baada ya nyingine bila kusimama hata mahali pamoja, kama mtu anayejua ngazi.

Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, akalitoa gauni. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kifundi: nifumue kimyakimya, nipige pasi, nimpelekee, nimwambie jaribu tena. Hatajua. Akafumua mishono ile minne ya kila upande, polepole, nyuzi zikajaa mapajani, akaushona upya ule wa awali mahali pake. Akapiga pasi. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

Satini haisahau sindano. Pamba inasahau, sufu inasahau, hata jinzi ukiifua inasamehe. Satini hapana. Ubavuni, kushoto na kulia, palikuwa na mistari minne ya vitundu vidogo, imenyooka, umbali wa ukucha kutoka mmoja hadi mwingine. Mishono mizuri sana. Hakuna fundi mwingine ambaye angeweza kusingiziwa.

Alipapasa kwa maji, akajaribu mvuke, akasugua kwa kucha. Mistari ilibaki. Basi akalikunja gauni, akaenda.

Mpishi alifungua mlango amevaa kanga ya nyumbani. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi, usafi wa mtu asiye na kazi, na jikoni sufuria kubwa ziliwekwa moja ndani ya nyingine mpaka juu. Juu ya meza, kijiko na bakuli. Fundi akaona kwamba kiti kilikuwa kimoja tu. Miezi yote ile alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akingoja saa saba.

"Livae," alisema.

"Usinichokoze."

"Livae, dada yangu. Mara moja tu. Kisha nifukuze."

Mpishi akalivaa, amempa mgongo. Fundi akashika zipu. Ilipanda kiunoni, ikapanda mgongoni, ikapita mabega, ikafika shingoni bila kusimama, tena gauni likabaki na nafasi ya kupumulia. Mpishi akainua mkono. Akajishika shingoni, akakigusa kichwa cha zipu kwa kidole. Akaenda kwenye kioo, akageuka upande, na mwanga ukaangukia ubavuni.

Mtu aliyekagua mchele wa watoto mia nne akitafuta mawe hapitwi na vitundu. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Upande wa pili vilevile.

"Ijumaa nne," alisema.

"Nne."

"Nilikuwa nalala na njaa, Fundi."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona naacha kiini cha yai."

"Nilikuwa nakuona."

Mpishi akacheka pumzi moja, isiyokuwa na kicheko ndani. "Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Miaka yote nilidhani wanasema chawa." Akamgeukia Fundi. "Kwa nini hukuniambia tu?"

"Nikuambie nini?"

"Neno moja. Baki."

"Nilikuwa na pini mdomoni."

"Hata sasa?"

Fundi akafungua mdomo. Hakukuwa na pini, na hakukuwa na kitu kingine pia. Mpishi akangoja, akangoja kama mtu anayengoja maji yachemke, kisha akamgeuzia mgongo.

"Nifungulie zipu. Halafu uende."

Siku tisa zikapita. Siku ya kumi, saa saba kamili, barazani kulikuwa na viatu. Fundi alikurupuka akaangusha mkasi. Mpishi aliingia amebeba sufuria ndogo, ndogo kweli, ya kushika kwa mkono mmoja. Akaviondoa vitambaa kwenye kiti, akavirundika sakafuni bila heshima, akatandika sahani mbili.

"Samaki wawili," alisema. "Hesabu. Nimejifunza kupikia watu wawili leo, na kesho naondoka asubuhi. Ndivyo Mungu anavyonitania. Kaa ule."

Wakala. Hakuweka mkono wake juu ya mkono wa Fundi. Lakini aliinyoosha shingo, akaikagua sahani yake, akasema, "Mboga hizo hazitoshi," na akamwongezea kutoka kwenye yake.

"Niachie nilitie rangi," Fundi alisema mlangoni. "Gauni. Rangi nzito itaificha ile mistari."

"Hapana. Nalivaa hivihivi. Binti yangu akiuliza, nitamwambia ni urembo." Akashuka baraza, goti baada ya goti, na kabla hajafika barabarani akageuka kwa ile sauti ya ukumbi wa chakula, majirani wote wakasikia: "Na ule umekaa!"

Wiki ya kwanza Fundi alingoja simu. Alijiambia mtu akiwa safarini ana mambo mengi. Wiki ya pili alijiambia wajukuu wana kelele. Wiki ya tatu hakujiambia kitu. Alichemsha mayai manne, mawili yakalala kwenye sahani ya pili mpaka jioni, akayala yeye, baridi, amekaa. Hilo alilitimiza. Kiti cha pili kilimtazama, naye akakitazama, wakazoeana kwa shida.

Ijumaa moja, saa saba kasoro dakika tano, alitoa pini zote mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake wa pini moja moja, hadi ya mwisho. Akapiga simu yeye.

Ililia sana. Kisha ikapokelewa, na kilichosikika kwanza ni pumzi.

"Fundi? Subiri. Usikate. Niko ghorofa ya pili, nimetoka sokoni."

"Nilitaka kukuambia..."

"Subiri, nikiongea nadondoka. Sema wewe."

Fundi akashika ukingo wa meza. "Nilitaka ubaki," alisema. "Basi. Ni hilo tu. Nilitaka ubaki."

Upande wa pili mguu ulikanyaga ngazi. Mwingine. Mkono ukakwaruza ukuta. "Endelea," pumzi ilisema. Fundi hakuwa na la kuendelea nalo, kwa hiyo akahesabu ngazi, kwa sauti, kila kiatu kilipogonga. Moja. Mbili. Tano. Kwenye tisa kiatu kilisimama, naye akasimama. "Goti," ilisema pumzi. "Lingoje," alisema Fundi. Wakalingoja. Kumi. Kumi na sita. Thelathini na moja. Ikasikika kufuli, mlango ukafunguka, na sauti ndogo nyingi zikarukia simu kwa pamoja: "Bibi! Bibi amepanda mwenyewe!"

Simu ikawekwa mahali. Hakuna aliyeikata. Fundi akabaki nayo sikioni, akasikia kikapu kikitua, viti vikivutwa, viti vingi, sahani zikigongana, mtoto akilia kwamba ameanzwa. Meza ya watu wengine, mbali, saa yake ileile ya chakula. Hakuna aliyemkumbuka, naye hakupiga kelele akumbukwe. Alilivuta yai lake karibu, akalimenya polepole, ganda moja moja, asije akawakatizia.

Na hapo, kwa ile sauti ya kuvuka ukumbi: "Nani kaleta mkate mezani? Nani? Chukueni vile vifungo!"

Fundi akacheka peke yake, hadi yai likamtoka mkononi.